Benchi na Benki Hawaamkiani

Barabara kuu ya Thornlaw imesimama kama ngazi,
na watu wa Durham huiita bank.
Si kwa sababu kuna benki kileleni,
ingawa ipo, au ilikuwepo hadi Ijumaa saa tisa alasiri:
mwinuko wowote unaokata pumzi, kwao ni bank.
Ukingo wa mto Wear kule chini, wenye tope na bata,
nao ni bank.
Mtu hutoka bank, hupanda bank, hufika bank,
na hapotei njia.

Winnie Hindmarsh, miaka themanini na minne,
alipanda na kopo la biskuti kwapani.
Alipumzika mara tatu.
Mara ya tatu alijifanya anafunga kamba za viatu.
Viatu vyake havina kamba.

Sisi tuliazima maana moja tu, ile ya fedha,
tukaibandika irabu mkiani, tukaridhika.
Hatukuuliza ukoo wake.
Wajuzi wanasema shina ni tuta la udongo.
Mtu akalikalia tuta,
mwingine akachonga mbao kwa mfano wake, ikawa benchi,
Mwitalia akapanga sarafu juu ya benchi,
na wateja wakaja.
Kumbe benchi na benki ni ndugu wa damu
walioingia kwetu kwa milango tofauti.
Hadi leo hawaamkiani.

Lakini Winnie hakuolewa na mtu wa fedha.
Cuthbert alikuwa mtu wa bank ya mgodi:
mdomo wa shimo, pale juu penye mvua na mwanga,
wachimba makaa walipaita hivyo.
Kazi yake kengele.
Tatu: ni watu, si makaa, shusha taratibu.
Kazi yake vipande vya shaba misumarini,
kila kipande na namba ya mtu aliyeko chini.
"Wote wamefika bank?" aliulizwa kila zamu ilipoisha,
na kila zamu alijibu, "Wote,"
isipokuwa Jumanne moja ya Februari
namba 212 ilipobaki ikining'inia.

Ilikuwa ya Ridley, mdogo wake Winnie,
aliyekuwa na deni la shilingi nne kwa shemeji yake.
Cuthbert hakuacha kulitaja deni lile,
kila Krismasi, kwa upole,
kama mtu anayeulizia afya ya mgonjwa.

Ijumaa, kijana wa dirishani alimtolea bahasha
iliyolala sandukuni humo miaka sitini.
"Saini hapa, mama."
Kalamu bado ilikuwa na mnyororo.
Winnie aliitazama.
"Na huyu naye, mnamfungua lini?"
Kijana hakujua kama acheke.

Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, magoti yanajua.

Wana bank nyingine, ya ndege kulala ubavu angani ikigeuka.
Wana nyingine, ya kumwegemea mtu
ukiamini hatasogea.
Hiyo Winnie haitumii siku hizi.

Usiku alifanya alivyofanya mama yake:
akayafunika makaa mekundu kwa majivu,
yasizime, yasiwake, yangoje asubuhi.
Hilo nalo, kwa kinywa chao, ni bank.
Kwetu ni kufukia,
kitenzi kimoja kwa moto, kwa mbegu,
na kwa shimo,
na shimo la Thornlaw lilifukiwa zamani,
juu yake wameotesha nyasi na goli mbili za watoto.

Akaifuta shaba kwa pindo la aproni.
Mbili. Moja. Mbili.
Kisha akafungua kopo la biskuti,
akatoa sarafu nne za shilingi, za zamani,
ambazo hazinunui hata kiberiti,
akazipanga kando yake, moja moja,
juu ya benchi la jikoni.